Vipande Vilivyoshonwa Kuwa Kenya: Isiolo, Mwambao na Tarehe ya 2030

Kila Kombe la Dunia linapokaribia, kijana mmoja barazani huuliza swali lilelile: vipi Uingereza ni nchi moja na ina timu nne za mpira? Wakubwa hujibu haraka, maana hili wanalijua. Ule ni ufalme wa nchi nne, England, Scotland, Wales na Ireland Kaskazini, na kila moja iliingia kwa njia yake. Scotland ilipiga kura Septemba 2014 kuamua ibaki au itoke, na asilimia 55 wakasema ibaki. Kuna na visiwa kama Jersey, ambavyo viko chini ya mfalme huyohuyo lakini si sehemu ya Uingereza. Jirani zetu Watanzania nao hawahitaji kuelezwa: tarehe 26 Aprili 1964 dola mbili ziliungana, na hadi leo Zanzibar ina rais wake na Baraza lake la Wawakilishi. Wahabeshi wamekwenda mbali zaidi. Katiba yao ya 1995, ibara ya 39, inayapa mataifa yaliyomo ndani haki ya kujitenga, angalau kwenye karatasi.

Kijana akiendelea akauliza "na Kenya je?", baraza hunyamaza kidogo. Jibu la shuleni ni kaunti 47 na makabila zaidi ya 40. Si jibu la makosa, lakini halielezi kwa nini mtu wa Mombasa akienda Nairobi husema anakwenda bara, wala kwa nini mtu wa Marsabit au Wajir akipanda basi kwenda hukohuko Nairobi husema anakwenda Kenya.

Usemi huo wa pili niliusikia kwa masikio yangu mjini Isiolo. Nilikuwa nimekaa kibandani nakunywa chai, na mzee mmoja aliyekuwa ameteremka kutoka kaskazini akaniuliza kama huko Kenya mvua imeanza kunyesha. Nikamwambia mimi natoka Mombasa. Akacheka, akasema basi hata mimi siwezi kujua.

Ukitoka Nanyuki unapita mashamba ya ngano ya Timau, baridi inauma, kisha barabara inateremka, na kabla saa haijaisha umefika kwenye joto, vumbi, ngamia na minara ya misikiti. Hesabu ya watu ya 2019 iliwakuta watu 268,002 katika kaunti nzima, kwenye ardhi ya zaidi ya kilomita mraba 25,000. Wamo Waborana, Wasomali, Waturkana, Wasamburu na Wameru. Wasomali wa mjini, wengi wao Isaaq na Herti, ni wajukuu wa askari waliopigana upande wa Waingereza katika Vita Vikuu vya Kwanza wakapewa mahali hapo wapumzike na mifugo yao. Wageni wengi wanaijua Isiolo kwa sababu ya simba Elsa, aliyelelewa huko na George Adamson na mkewe. Ni hadithi nzuri, ila inaficha kwamba mji huo ulikuwa makao makuu ya utawala wa sehemu iliyofungwa kwa kufuli.

Sehemu hiyo iliitwa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, kwa kifupi NFD. Sheria ya wilaya za nje ya 1902, na baadaye sheria ya wilaya maalumu ya 1934, zilimfanya mtu asiingie wala asitoke bila kibali. Mfugaji aliambiwa malisho yake yanaishia wapi. Shule zilikuwa za kuhesabu kwa vidole. Isiolo ndipo palipokuwa mlango, na kile kizuizi cha barabarani kwenye njia ya kaskazini kikadumu vichwani mwa watu miaka mingi hata baada ya uhuru. Mzee wa kibandani hakuwa akitania alipoitaja Kenya kama nchi ya upande wa pili. Alikuwa akieleza sheria aliyozaliwa nayo.

Sisi huku mwambao tuliingia kwa mlango mwingine. Mnamo Desemba 1895 Sultani wa Zanzibar aliwakabidhi Waingereza usimamizi wa ukanda wa maili kumi kutoka baharini, kwa kodi ya paundi 11,000 kwa mwaka mbali na riba. Aliwakabidhi usimamizi tu, nchi ikabaki yake. Ndiyo maana mwaka 1920, bara lilipogeuzwa Koloni ya Kenya, ukanda wetu uliitwa kwa jina jingine, Himaya ya Kenya, na bendera nyekundu ya Sultani ikaendelea kupepea juu ya Ngome pale Mombasa hadi Desemba 1963. Jina kamili la nchi katika makaratasi ya Waingereza lilikuwa "Koloni na Himaya ya Kenya". Lile "na" lilikuwa na maana yake.

Kwa hivyo uhuru ulipobisha hodi, vipande viwili viliuliza swali moja kwa lugha mbili. Mwambao uliuliza: ikiwa mwenye nyumba ni Sultani, vipi mpangaji awarithishe wengine? NFD iliuliza: ikiwa mlitufungia nje ya Kenya miaka yote, vipi leo ni Wakenya kwa lazima?

Tusijidanganye kwamba kila upande ulikuwa na sauti moja. Waliotaka Mwambao ujitawale au urudi Zanzibar walikuwa hasa Waarabu na Waswahili wa miji. Ronald Ngala na Wamijikenda wengi hawakutaka hata kusikia, wao walitaka majimbo ndani ya Kenya. Isiolo vilevile. Wasomali na Waborana Waislamu wengi walielekea upande wa kuungana na Somalia, lakini Waturkana, Wasamburu na Wameru waliokuwa wakiishi nao hawakuwa na haja na Mogadishu. Mshono ulipita katikati ya mji, na penginepo katikati ya nyumba.

Majibu yaliyotolewa ndiyo yaliyotutofautisha. Kwetu alitumwa Sir James Robertson mwaka 1961, akapendekeza ukanda uingizwe Kenya kwa masharti. Masharti hayo yaliandikwa katika barua walizopelekeana Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohamed Shamte, mwanzoni mwa Oktoba 1963, na tarehe 8 mwezi huo mkataba ukatiwa saini London. Uhuru wa kuabudu ulindwe. Makadhi wabaki na mamlaka yao katika ndoa, talaka na mirathi. Watoto wa Kiislamu wafundishwe Kiarabu kadiri iwezekanavyo. Penye Waislamu wengi, maafisa wa utawala wawe Waislamu kadiri iwezekanavyo. Hatimiliki za ardhi zilizosajiliwa ziheshimiwe.

NFD nayo ilipelekewa tume, Oktoba 1962, ya watu wawili, Mnigeria na Mkanada. Tume iliona wazi kwamba wengi wa wakazi walitaka kuungana na Somalia. Haikufuatwa. Mnamo Machi 1963 waziri wa makoloni Duncan Sandys alitangaza kwamba badala yake litaundwa jimbo la saba, Kaskazini Mashariki, ndani ya Kenya. Humo ziliwekwa Garissa, Wajir na Mandera. Isiolo, iliyokuwa kichwa cha NFD yote, ilikatwa ikaunganishwa na jimbo la Mashariki pamoja na Marsabit na Moyale. Wakazi wa Isiolo walilala wakiwa makao makuu ya kaskazini wakaamka wakiwa pembe ya jimbo ambalo baadaye makao yake yalikuwa Embu.

Miezi mitatu baadaye, Juni 1963, Daudi Dabasso Wabera, Mwafrika wa kwanza kuwa mkuu wa wilaya ya Isiolo, aliuawa karibu na Modogashe pamoja na chifu mkuu Galma Dida. Walikuwa wakizunguka kuwashawishi watu wakubali Kenya. Wakazi wa Nairobi hupita Mtaa wa Wabera kila siku, sijui wangapi wanajua ni nani. Bendera ilipanda 12 Desemba, na hata mwezi haukwisha serikali ikatangaza hali ya hatari kaskazini. Vita vya shifta vikaendelea hadi makubaliano ya Arusha, Oktoba 1967.

Waborana wa Isiolo wana jina la miaka ile, *daaba*, maana yake kusimamishwa. Watu wa Garba Tula, Merti na kwingineko walikusanywa kwenye vijiji vyenye ulinzi na kuamriwa wasitoke na mifugo. Mfugaji asiyehama na mvua hupoteza mifugo, na ngamia wa Isiolo karibu wote walikwisha. Familia zilizokuwa na mali zikawa za kungoja posho.

Hapa msomaji wa Lamu ataanza kuniangalia vizuri, maana hadithi hii haikuishia Modogashe. Wabajuni wa vijiji vya bara ya Lamu, kutoka Mkokoni kupanda hadi Kiunga na Ishakani, walikimbia mashamba yao miaka hiyohiyo, na watoto wao wako Malindi na Mombasa hadi leo. Na sheria iliyopitishwa mwaka 1970 kuwakinga maafisa wa serikali wasishtakiwe kwa walilofanya kati ya 25 Desemba 1963 na 1 Desemba 1967 ilitaja maeneo yake kwa majina: mkoa wa Kaskazini Mashariki, na wilaya za Isiolo, Marsabit, Tana River na Lamu. Wilaya mbili za Pwani zimo katika orodha moja na Isiolo. Tunapohadithiana 1963 kama habari ya Sultani na Kenyatta peke yake, tunaisahau nusu ya watu wetu.

Ile karatasi yetu ilifaa nini, basi? Ilifaa, tena kuliko wanavyokiri wenzetu wenye hasira. Makadhi wamo katika Katiba ya 2010, ibara ya 170, ingawa Mei mwaka huohuo majaji walikuwa wamesema kifungu cha makadhi katika katiba ya zamani ni batili. Na ahadi iliyoandikwa kwa ajili ya maili kumi za pwani leo inamhudumia mjane wa Isiolo, maana kadhi yuko huko pia. Lakini karatasi ilikuwa na kasoro mbili. Ya kwanza ni kwamba mmoja wa walioweka saini alitoweka. Serikali ya Shamte ilipinduliwa 12 Januari 1964, siku ambayo Kenya ilitimiza mwezi mmoja wa uhuru, na tangu siku hiyo hapakuwa na wa kuudai mkataba. Ya pili ni ile ya hatimiliki. Ardhi iliyosajiliwa chini ya sheria ya 1908 ililindwa kwa mwenye jina kwenye cheti, na maskwota waliokuwa juu ya ardhi hiyo wakabaki maskwota, watoto wao na wajukuu wao. Isiolo hawakuwa hata na cheti cha kulindwa. Ardhi yote ilikuwa ya kushikiwa na halmashauri kwa niaba yao. Pwani ilipewa hati zilizokuwa mikononi mwa wengine, kaskazini haikupewa hati kabisa.

Kisha likaja pigo ambalo halikuhitaji bunduki. Waraka wa serikali Nambari 10 wa 1965 ulisema fedha za maendeleo ziwekwe mahali ambapo zitazaa haraka, penye ardhi nzuri, mvua, reli na barabara. Kwa mhasibu ni busara. Kwa mtu wa Merti ni kuambiwa kwamba kwa kuwa hukujengewa barabara jana, hustahili kujengewa leo.

Ndiyo maana sishangai kwamba maneno "Pwani si Kenya" yaliposhika moto, na Mahakama Kuu ya Mombasa ikaondoa marufuku dhidi ya MRC Julai 2012, vijana wengi waliyaimba bila kujua lolote kuhusu mkataba wa 1895. Walikuwa wakisema alichosema mzee wa Isiolo, ila wao kwa sauti ya juu. Nami nawaambia wazi kwamba kudai kutoka hakukuipatia NFD chochote isipokuwa *daaba*. Hoja ya kisheria ya Mwambao ilikuwa nzito, na pengine bado inawafurahisha wanasheria. Mtoto wa Kwale anayesomea chini ya mwembe haimsaidii.

Kinachoweza kumsaidia kimo katika Katiba, na kina tarehe ya kufa. Ibara ya 204 iliunda Hazina ya Usawazishaji, nusu asilimia ya mapato ya taifa kila mwaka, kwa ajili ya maji, barabara, afya na umeme katika maeneo yaliyotengwa, hadi huduma zifikie kiwango cha kwingine. Mwaka 2013 Tume ya Ugavi wa Mapato ilitaja kaunti 14 zinazostahili. Zisome polepole: Turkana, Mandera, Wajir, Marsabit, Samburu, Garissa, Isiolo, Pokot Magharibi, Narok, kisha Tana River, Lamu, Kilifi, Kwale na Taita Taveta. NFD yote ya zamani imo. Pwani yote imo isipokuwa Mombasa. Hakuna mahali popote katika sheria zetu palipoandikwa kwamba Kenya ni nchi ya vipande vilivyoshonwa, lakini wataalamu walipokaa na takwimu za vyoo, mabomba na nyaya za umeme, sehemu kubwa ya ramani waliyoipata ilikuwa ya vipande vile vya 1963.

Fedha zenyewe zimekuwa kama mvua ya kaskazini. Kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo kilichotengwa hakikuingia. Magavana na serikali kuu walifikishana mahakamani kugombania nani azitumie. Sera ya pili ikaacha kuhesabu kaunti nzima, ikahesabu kata ndogo, ikapata 1,424 katika kaunti 34. Kwa haki, kata ndogo ya Baringo isiyo na maji ina kiu ileile ya Sericho. Lakini mfuko uleule usiojaa sasa unagawanywa kwa vinywa vingi zaidi.

Wakati huohuo mradi mwingine unatuunganisha tupende tusipende. LAPSSET, uliozinduliwa Lamu Machi 2012, unaanzia bandari yetu na kwenda zaidi ya kilomita 500 hadi Isiolo, kisha kugawanyika kuelekea Ethiopia na Sudan Kusini. Gati ya kwanza ya Lamu ilifunguliwa Mei 2021. Isiolo wamepata kiwanja cha ndege, wamechorewa mji wa kitalii huko Kipsing, na wameambiwa kuhusu bwawa kwenye mto Ewaso Ng'iro, mto ambao wafugaji wa chini hadi kinamasi cha Lorian wanautegemea kwa uhai. Wavuvi wa Lamu walikwenda mahakamani, na Aprili 2018 Mahakama Kuu ya Malindi ikaamua walipwe shilingi bilioni 1.76. Sijasikia ujumbe wa wavuvi hao ukialikwa Isiolo kuwaeleza wafugaji walivyofanya, hatua kwa hatua. Tena Lamu na Tana River hukaa katika vikao viwili, Jumuiya ya Kaunti za Pwani na Baraza la Maendeleo la Kaunti za Mpakani, lile lenye Isiolo, Garissa na wenzao. Daraja lipo tayari, halipitiwi.

Sasa ile tarehe. Ibara ya 204 inasema hazina itadumu miaka 20 tangu Katiba ianze kutumika, yaani hadi 27 Agosti 2030. Bunge linaweza kuirefusha kwa muda maalumu, lakini kwa kura ya zaidi ya nusu ya wabunge wote wa Bunge la Taifa na zaidi ya nusu ya ujumbe wote wa kaunti katika Seneti. Watakaoamua ni wale tutakaowachagua Agosti 2027. Katika mikutano ya siasa niliyohudhuria Pwani mwaka huu nimesikia habari za nani atamuunga mkono nani bara. Ibara ya 204 sijaisikia ikitajwa hata mara moja.

Hesabu ya Seneti si ngumu. Kaunti ni 47, zaidi ya nusu ni 24. Zile 14 za orodha ya kwanza haziwezi peke yake, zinapungukiwa na kumi. Lakini zile 34 za sera ya pili, ile iliyotukera kwa kuupunguza mgao, zinazidi 24 kwa kaunti kumi kamili. Nilimweleza hesabu hii rafiki yangu mmoja wa Isiolo kwa simu. Akaniuliza seneta wa Kwale na wa Isiolo walikaa meza moja lini mara ya mwisho, na mimi sikuwa na jibu la kumpa.